Kawia ufike: uamuzi ni Msamvu, si Dakawa

Juma hili nataka tuzungumze habari ya safari wakati wa mvua, hasa safari ya barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Dodoma. Najua wako watakaosema, "Ah, ile ni lami tupu, mtu anakunywa chai Dar es Salaam na chakula cha mchana anakula Dodoma." Naam, ndivyo ilivyo siku njema. Siku mbaya ni habari nyingine.

Mimi nilijifunza kwa hasara. Januari 2014 nililetewa habari usiku kwamba mjomba wangu amefariki dunia huko Kibaigwa, na kwamba mazishi ni kesho yake alasiri. Alfajiri nikapanda basi Ubungo. Dar es Salaam jua lilikuwa kali. Morogoro mjini napo hapakuwa na tone la mvua. Nikajiambia safari ni salama, nikasinzia.

Tulipofika Dakawa basi likasimama. Mbele yetu malori yalikuwa yamepanga foleni, na magari madogo yalikuwa yakigeuza. Tukaambiwa Mto Mkundi umefurika na barabara imekatika darajani, pale kati ya Magole na Dumila. Vijiji vya huko vilikuwa ndani ya maji, na watu walikuwa wamepoteza nyumba na mifugo. Nikamwuliza konda kama alikuwa na habari. Akasema, "Kaka, tangu Msamvu tulisikia, lakini tukadhani tutakuta wameshatengeneza." Sikumwamini sana. Nadhani waliogopa kwamba abiria tungeshuka na kudai nauli zetu.

Nilimwuliza mama mmoja aliyekuwa akiuza chai pembeni mwa barabara: maji haya yametoka wapi, mbona ardhi hapa imekauka? Akanijibu, "Mwanangu, sisi huku mvua tunaletewa." Akaninyoshea kidole upande wa milima.

Ndugu wasikilizaji, mama yule alisema kweli tupu. Mto Mkundi unateremka kutoka milima ya Ukaguru. Mto Wami, ambao tunauvuka pale Dakawa, unakusanya maji ya Ukaguru, ya Nguru, ya Rubeho na ya Mkondoa. Mkondoa wenyewe unaanzia mbali, huko Dodoma na Mpwapwa. Mvua ikinyesha milimani usiku, maji yanaweza kufika barabarani asubuhi, wakati anga la Dakawa ni jeupe kama kanzu ya Idi. Kwa hiyo kuchungulia dirishani nyumbani kwako Magomeni au Kihonda kabla ya kufunga mizigo hakukusaidii kitu.

Liko na kosa la pili, la kalenda. Sisi wa pwani tumezoea kwamba mvua kubwa ni masika, yaani Machi hadi Mei. Januari kwetu ni kiangazi. Lakini upande wa Dodoma na sehemu za Morogoro zinazopakana nayo zina msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kuishia Aprili. Tazameni tarehe zenyewe. Kilosa ilizama mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa Januari 2010, na reli ya kati ikabebwa na maji. Dumila ilikuwa Januari 2014. Tarehe 2 Machi 2020 barabara hii hii ikakatika tena, safari hii Kiyegeya, upande wa Gairo. Mara zote tatu masika ya pwani ilikuwa bado haijapamba moto.

Basi msafiri apange vipi? Kwanza ajue njia nyingine kabla hajaihitaji. Kutoka Morogoro hadi Dodoma kwa njia ya Dakawa ni kama kilomita 260. Ikikatika, njia ya pili ni kupitia Mikumi hadi Iringa, kisha Mtera hadi Dodoma. Barabara ya Iringa na Dodoma ilizinduliwa mwaka 2018 ikiwa na lami. Njia hiyo inakaribia kilomita 570, zaidi ya mara mbili. Njia ya tatu ni kushika Chalinze, Segera, Moshi, Arusha na Babati. Kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma kwa mzunguko huo ni zaidi ya kilomita 1,000. Tangu Julai 2024 iko pia treni ya umeme hadi Dodoma, ingawa nayo hupita bonde lile lile la Mkondoa. Kwa hiyo wa treni naye aulize kabla ya kukata tiketi.

Lakini jambo kubwa ninalotaka mlishike ni hili: njia ya Iringa na njia ya Dodoma zinaachana Msamvu. Pale ndipo mahali pa kuuliza na kuamua. Ukishafika Dakawa umekwisha kula zaidi ya kilomita 40, na itakubidi uzirudie. Msamvu utapata mafuta, chakula, kitanda cha kulala, na madereva waliotoka Dodoma asubuhi hiyo hiyo. Mwulize dereva wa lori anayetoka huko, kwani ameiona barabara kwa macho yake. Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, na usiishie kwenye habari za Dar es Salaam na Pwani. Sikiliza wanasema nini juu ya Morogoro na Dodoma.

Na ukikuta maji yanapita juu ya barabara, ndugu yangu, usijipime nayo ubavu. Maji ya kina cha sentimita 30 yanayokwenda kasi yanaweza kuisukuma gari ndogo. Yakifika sentimita 60 hubeba hata gari kubwa kiasi. Tena huoni chini kukoje. Lami inaweza kuwa inaonekana juu, kumbe udongo wa chini umekwisha kuliwa.

Hata barabara ikishafunguliwa, msikimbizane kufidia saa zilizopotea. Barabara hii inaua hata jua likiwaka. Ni katika eneo hilo la Dakawa taifa lilimpoteza Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine katika ajali ya gari, tarehe 12 Aprili 1984.

Sasa neno kwa wakubwa wetu. Barabara ikikatika, huwa tunaona wahandisi na mitambo inapelekwa haraka, na tunashukuru. Lakini habari hukaa kule kule kwenye shimo. Kwa nini lisiwekwe bango Msamvu, na jingine Chalinze, linaloandikwa kila asubuhi ya msimu wa mvua: njia iko wazi, au imefungwa, pitia huku? Gharama yake ni ubao, chaki na simu moja. Kimbunga Hidaya kilipopiga pwani Mei 2024 na barabara ya kusini kukatika maeneo ya Somanga, aliyetaka kufika Mtwara kwa gari ilimlazimu kupita Morogoro, Iringa na Songea, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,500. Mtu anayetakiwa kufanya uamuzi wa namna hiyo anastahili kuambiwa mapema, akiwa bado na nauli mfukoni.

Na wenye mabasi nao: mkijua njia imekatika, semeni. Abiria akishuka Msamvu mnapoteza nauli moja. Mkimficha, yeye anaweza kupoteza jambo lisilorudishwa.

Maana, ndugu wasikilizaji, sikufika Kibaigwa. Usiku ule nililala kwenye kiti cha basi, na asubuhi nikadandia lori lililokuwa linarudi Morogoro. Mjomba alizikwa alasiri ile, mimi nikiwa Dakawa nimeshika kikombe cha chai. Ningaliambiwa Msamvu, huenda ningalitafuta njia ya Iringa. Pengine nisingaliwahi hata hivyo, lakini ningalau ningaliwapigia simu ndugu zangu mapema, wakajua kwamba nimekwama, wasingalikaa wananingoja huku jeneza liko uani.

Wahenga walisema kawia ufike. Mimi naongeza: uliza kwanza, ndipo ukawie mahali panapofaa. Tukutane tena juma lijalo, Mungu akipenda.