Unga Huu Umetoka Wapi?

Juzi nilinunua pakiti ya unga wa mahindi, nikaigeuza nisome. Uzani upo, tarehe ya kusagwa ipo, alama ya ubora ipo. Lakini mahindi yalivunwa wapi? Yalianikwa yakakauka? Yalipopimwa yalikutwa na sumu kiasi gani? Kimya. Mwenye duka akanicheka: "Mzee, unapika ugali au unafanya mtihani?"

Si mzaha. Mwaka 2004, hasa Makueni, Kitui na sehemu jirani, watu 125 walifariki kwa kula mahindi yenye aflatoksini, sumu ya kuvu. Sumu hiyo huioni kwenye unga, wala moto wa sufuria hauimalizi. Novemba 2019 aina tano za unga wa pakiti zilipigwa marufuku nchini Kenya. Wengine walizisikia habari hizo wakiwa wamekwisha kula.

Kiwango kinachoruhusiwa ni sehemu 10 katika bilioni. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari kuhusu bidhaa. Basi msagaji achape majibu ya kipimo papo hapo pakitini, kando ya uzani. Na sisi tunaopeleka debe letu kwenye mashine ya mtaani, ambako hata pakiti hakuna, nani atatupimia?