Gharama ya Kumwuguza Mgonjwa wa Saratani



Saratani isipokuwa na tiba tena, maumivu bado yana dawa, wala dawa hiyo si ghali. Mjini Kampala, tangu mwaka 1993, Hospice Africa Uganda huwafuata wagonjwa majumbani; unga wa mofini huchanganywa na maji, ikapatikana dawa ya kunywa ya bei nafuu. Rwanda nayo iliweka sera ya huduma hiyo mwaka 2011.

Gharama kubwa ni nyingine: mwuguzaji huacha jembe, na mvua haimngoji. Basi jamaa washike zamu: huyu alime shamba lake, huyu akafuate dawa, huyu akeshe. Kumzuru mgonjwa ni haki yake; anayemzuru asiende mikono mitupu.

Wabillahi taufiki.