Daraja la tatu halikuwa na orodha

Enzi za MV Bukoba mtu wa Kamachumu aliyetaka kwenda Mwanza aliteremka hadi bandari ya Kemondo, akakata tiketi, akapanda. Meli hiyo, iliyojengwa kubeba abiria 430, ilizama Mei 21, 1996. Madaraja mawili ya juu yalikuwa na orodha ya majina. Daraja la tatu halikuwa nayo.

Ndiyo maana hadi leo wengine hutaja maiti 500, wengine 800, wengine karibu 1,000. Nasi wa redio husoma makisio hayo kwa sauti ya uhakika! Taarifa ya shirika iliharibika mapema, pale gatini, nauli ilipopokewa na jina lisiandikwe. Mama aliyeuliza kama mwanawe alipanda, angejibiwa nini?