Mboga ya Mayahudi wa Roma

Twataka kusema habari za chakula cha Mayahudi wa Roma, mji mkuu wa Italia. Watu hao wamekaa mjini humo zaidi ya miaka 2,000. Lakini mwaka wa 1555 Papa Paulo wa Nne aliwaamuru wakae wote katika mtaa mmoja mdogo kando ya mto Tiber, wenye ukuta na malango yaliyofungwa kila usiku. Biashara waliyoachiwa ilikuwa hasa kuuza nguo kuukuu. Amri ile haikuisha kabisa hata mwaka wa 1870.

Karibu na hapo palikuwa na soko la samaki. Jiwe lipo mpaka leo, lenye maandishi ya Kilatini, lisemalo kwamba samaki akizidi urefu wa jiwe hilo, kichwa chake sharti wapewe wakuu wa mji. Vichwa vinono basi vilikwenda kwa wakubwa, na maskini, kama isimuliwavyo, walipika mchuzi kwa mabaki.

Lakini sifa ya mtaa ni mboga iitwayo atichoki. Ni ua lisilofunuka bado, kadiri ya ngumi, lenye magamba yaliyobanana. Mpishi huyachonga magamba ya nje yaliyo magumu, akaitia mboga katika maji ya limau isigeuke nyeusi. Kisha huikaanga mara mbili. Kwanza huiacha polepole katika mafuta ya zeituni mpaka ilainike. Halafu huifunua kama ua na kuirudisha katika mafuta yenye moto mkali, hata magamba yavunjike mdomoni kama majani makavu. Mafuta hayo yana sababu yake. Torati yakataza nguruwe, tena Mayahudi hawachanganyi nyama na maziwa. Mafuta ya zeituni yafaa pamoja na vyote.

Tarehe 16 Oktoba 1943, alfajiri, askari wa Kijerumani waliuzunguka mtaa huo. Mayahudi zaidi ya 1,000 walikamatwa mjini siku ile na kupelekwa Auschwitz. Waliorudi ni 16 tu. Upishi huu umetufikia kwa mikono ya wale waliosalia.

Ndiyo maana mwaka wa 2018 palitokea ugomvi mkubwa. Wakuu wa dini katika Israeli walisema mboga hii si halali ikipikwa nzima, kwa kuwa wadudu huweza kujificha kati ya magamba, na kula mdudu ni haramu. Mayahudi wa Roma walikataa. Walijibu kwamba atichoki ya kwao imebanana mno, mdudu hapati njia, na kwamba mabibi zao waliwafundisha kuisafisha. Sisi hatuwezi kuamua sheria ya dini ya wengine, lakini jibu la mabibi twalielewa vema.

Hawakuacha kuikaanga. Apitaye barabara ya Via del Portico d'Ottavia mwezi wa Machi ataziona zimepangwa milangoni mwa hoteli, mbichi bado, zikingoja mafuta.