Viongozi wa Ushirika na Wanachama wa Mpakani

Askari anayelinda mpaka wa Busia yuko karibu kilometa 200 kutoka Kampala, na mwenzake wa Tororo yuko mbali zaidi kidogo. Mshahara wake hutayarishwa huko makao makuu, na huko huko hukatwa akiba yake ya kila mwezi kabla fedha hazijamfikia mkononi. Ya mwanajeshi wa Uganda huingia katika chama cha akiba na mikopo cha Wazalendo. Ya polisi huingia katika chama cha Exodus. Vyote viwili vilianzishwa katika miaka ya 2000, ili askari apate mkopo wa kujenga nyumba au kusomesha watoto pasipo kumwangukia mkopeshaji wa mitaani mwenye riba ya kuumiza. Ng'ambo ya mpaka, polisi wa Kenya wamekuwa na chama chao tangu mwaka 1972.

Mwanachama wa mbali hukijua chama chake kwa tarakimu iliyopunguzwa katika hati ya mshahara, na hati haijibu maswali. Mkopo ulioombwa umekwama mezani kwa nani? Askari aliyehamishwa kutoka Busia kwenda Karamoja, je, kumbukumbu zake zimemfuata? Mjane afanye nini ili apate akiba ya marehemu mumewe? Karani wa tawi aweza kuyaandika maswali hayo, lakini hana madaraka ya kuyakata. Ndiyo maana ziara ya viongozi matawini si anasa wala matembezi, ingawa ziko ziara ambazo hazina jina jingine.

Hapa pana jambo la kuangaliwa kwa makini. Tangu wafumaji wa Rochdale, huko Uingereza, walipoanzisha duka lao la ushirika mwaka 1844, kanuni imekuwa mwanachama mmoja, kura moja. Kambini mambo ni mengine: wa chini husimama wima, hupiga saluti na kujibu, "Ndiyo, afande." Nidhamu hiyo ni uti wa mgongo wa jeshi, na hapana mwenye akili atakayetaka iguswe. Lakini kiongozi wa chama akiingia Tororo na nyota mabegani, akapokewa kwa gwaride na kuketishwa jukwaani, ni koplo gani atakayenyanyuka kumwuliza hesabu? Atapigiwa makofi, atakula chakula cha mchana, naye atarudi Kampala akiamini kwamba wanachama wameridhika. Kumbe wamenyamaza tu! Katika chama, hisa haina cheo. Kiongozi anayelifahamu hilo huacha fimbo yake garini, huketi kwenye benchi pamoja na wanachama, hufungua vitabu mbele yao, na huwaacha wa vyeo vya chini waanze kusema.

Wenyeji wa Tororo hawahitaji kufundishwa thamani ya jambo hili. Wakulima wa pamba wa sehemu hizo walikuwa na chama chao kikuu cha ushirika, South Bukedi, na wazee waliuona ushirika wa Uganda ukidhoofika katika miaka ya 1970 na 1980 kwa vita, siasa na uongozi mbovu. Mkulima angalau aliweza kuacha kupeleka pamba yake. Askari hukatwa kwenye mshahara, apende asipende mwenendo wa mwezi huo. Kwa hiyo wajibu wa kumfuata alipo ni mzito zaidi.

Tena ziara haifai kuwa ya saa moja. Tarehe ibandikwe mapema kwenye ubao wa matangazo, na majibu yaliyoahidiwa safari iliyopita yasomwe kwanza. Wanaolinda mpaka hufanya kazi kwa zamu: anayefika Busia adhuhuri huwakosa wenzao waliolala baada ya kukesha. Yafaa kiongozi alale huko huko, apate kuonana na hao pia kabla hawajaingia zamu.