Neno "Mkimbizi" na Ndugu Zake
(Maneno ya kamati yaliyosomwa Rohero, Bujumbura, katika Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni)



Sisi tuliotoka Kongo tumetumwa na wenzetu wa kambini tuseme machache juu ya jina tunaloitwa kila siku: mkimbizi.

Jina hili limetoka katika kukimbia. Ndiyo maana watoto wetu hurudi wakilia, wakiwa wameambiwa na wenzao, "Baba yako alikimbia," kana kwamba ni mwoga au mwenye deni. Tunawajibu kwa methali ya wazee: Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio.

Kifaransa husema réfugié. Asili yake ni Kilatini, refugium, yaani mahali pa kujiepusha na hatari. Waliitwa hivyo Waprotestanti waliotoka Ufaransa kwa kuteswa, hasa baada ya mwaka 1685, na Waingereza wakalichukua neno hilo. Waarabu nao husema laji, yaani aliyetafuta hifadhi. Wenzetu hao wametaja hifadhi. Sisi tumetaja mbio.

Kirundi kinafanana na Kiswahili. Guhunga ni kukimbia hatari, na impunzi ni mkimbizi. Wenyeji wetu wanaujua uchungu wa neno hilo: mwaka 1972, 1993 na 2015 wengi wao walivuka kwenda Tanzania, nao wakaitwa wakimbizi.

Hata hivyo lugha zetu hazikuishia mbioni. Kukimbia huzaa kukimbilia, na mahali pake ni kimbilio. Kwa Kirundi, guhunga huzaa guhungira, na mahali pake ni ubuhungiro. Mkimbizi na kimbilio ni ndugu wa tumbo moja.

Kwa hiyo tuna ombi. Watumishi, mtu akifika mbele ya meza zenu, msimwulize tu, "Ulikimbia nini?" Mwulizeni pia, "Ulikimbilia nini?" Huenda ni dawa, shule ya watoto, au usiku mmoja wa kulala bila kusikia risasi. Tena mkumbuke kwamba mkataba wa OAU, uliotiwa sahihi Addis Ababa mwaka 1969, unamtambua hata aliyekimbia vita vilivyoikumba nchi yake, ingawa yeye mwenyewe hakutafutwa kwa jina.

Tunamaliza. Kiswahili kina kufunga na kufungua, lakini kukimbia hakuna neno la kukufungua. Kirundi kinalo: guhunguka, yaani kurudi kwa aliyekimbia. Waliorudi huitwa abahungutse. Majirani zetu wengi hapa wamekwisha kuitwa hivyo. Sisi bado. Siku hiyo ikifika, tutawaomba Warundi neno lao tuvuke nalo mpaka.