Mbwa Mkweli na Mwalimu Wake
(Mazungumzo mbele ya baraza la polisi na raia, Mutukula)



Tumeombwa tuzungumze juu ya kazi ya kufunza mbwa, kwa kuwa vijana kadhaa wa hapa mpakani wametuuliza njia ya kuingia katika kazi hii. Wazee nao wametuletea swali zito zaidi: mnajuaje kwamba mbwa wenu hamsingizii mtu? Maswali hayo mawili yanakaa pamoja, nasi tutaanza na lile la wazee.

Mbwa anapoketi mbele ya gunia la msafiri, shughuli zote za mtu huyo husimama. Mzigo hufunguliwa mbele ya abiria wenzake, basi humwacha, na jina lake huanza kuzunguka sokoni kabla kitu chochote hakijaonekana. Ishara ya mbwa, basi, si mchezo wala maonyesho. Ni neno linaloweza kumvunjia mtu heshima, na yeyote anayemfunza mbwa kulisema neno hilo hana budi kujua uzito wake.

Mbwa mwenyewe hajui sheria. Hajui kwamba bangi imekatazwa wala kwamba pembe ya ndovu ni nyara. Anachojua ni kwamba harufu fulani ikipatikana, naye akaketi kimya mbele yake, mpira hutoka mfukoni mwa mwongozaji na mchezo huanza. Hiyo ndiyo njia ya tuzo: tendo linalofuatwa na jambo jema hurudiwa. Mtaalamu wa Marekani B. F. Skinner aliieleza kanuni hiyo kwa majaribio katika kitabu chake cha mwaka 1938, na mwaka 1943 wanafunzi wake wawili, Keller na Marian Breland, wakaanzisha kampuni ya kufunza wanyama kwa kuifuata.

Polisi walichelewa kuikubali. Mwaka 1910 afisa wa polisi wa Ujerumani, Konrad Most, alitoa kitabu cha kufunza mbwa kilichosomwa kwa miaka mingi katika majeshi na vikosi vya nchi nyingi. Most aliitambua faida ya tuzo, lakini kitabu chake kilitegemea sana shuruti. Mnyororo wa kukaba shingo na fimbo vikawa vifaa vya kawaida vya kazi, na hata leo wako watu wanaodhani kwamba mbwa wa polisi sharti afunzwe kwa maumivu ili awe mkali.

Sisi tunaona kwamba maumivu humharibu shahidi. Mbwa aliyezoea kupigwa hashughuliki na gunia. Hushughulika na uso wa bwana wake. Huyatazama mabega, husikiliza pumzi, hupima kasi ya kamba, akitafuta mahali pa kuketi patakapomwokoa na kiboko. Bwana wake akimshuku msafiri fulani kwa sababu ya mavazi yake au lugha yake, mbwa huyo ataisoma shuku hiyo na kuketi papo hapo.

Msidhani hii ni dhana tupu. Huko Berlin, mwanzoni mwa karne iliyopita, kulikuwa na farasi aliyeitwa Hans, ambaye watu waliamini kwamba anajua hesabu, maana aligonga kwato idadi sahihi ya majibu. Mwaka 1907 Oskar Pfungst alionyesha kwamba farasi hakuhesabu chochote: aliangalia mwendo mdogo wa kichwa na mwili wa muulizaji, ambao muulizaji mwenyewe hakujua kwamba anaufanya. Na mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha jaribio walilowafanyia waongozaji 18 pamoja na mbwa wao. Waongozaji waliambiwa kwamba harufu ingeweza kuwepo, na kwamba mahali pengine ilikuwa imewekewa alama ya karatasi nyekundu. Ukweli ni kwamba hapakuwa na harufu yoyote. Katika misako 144, ni 21 tu iliyomalizika bila mwongozaji kuripoti kwamba mbwa amegundua kitu.

Hapo mwanafunzi wa kazi hii atulie afikiri. Mbwa hao nao walikuwa wamefunzwa kazi ya kunusa. Kwa hiyo tuzo peke yake haitoshi. Ukimpa mbwa mpira alipoketi mahali patupu, kwa huruma au kwa haraka, umemfundisha uongo, naye ataurudia kwa furaha. Ugumu wa kazi hii si kutoa tuzo. Mtoto anaweza kutoa tuzo. Ugumu ni kuitoa kwa wakati, na kuizuia pasipo hasira mbwa anapokosea.

Kwa nini wakati una maana? Mbwa huunganisha tuzo na tendo la dakika hiyo hiyo, bali tuseme la sekunde hiyo hiyo. Akiketi vizuri, kisha akainuka na kubweka, nawe ukampa mpira wakati huo, umenunua kubweka. Ndiyo sababu walimu wengi hutumia mlio mfupi, wa kidude cha mkononi au wa ulimi, ambao mbwa amekwisha kufundishwa kwamba huja na tuzo. Mlio huikamata sekunde sahihi, na tuzo yaweza kufuata baadaye kidogo.

Mfano mzuri uko karibu nasi. Katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, shirika la APOPO hufunza panya buku kunusa mabomu ya kutegwa ardhini. Panya husikia mlio, kisha hupata kipande cha ndizi. Panya hao walisaidia kusafisha ardhi ya Msumbiji, nchi iliyotangazwa mwaka 2015 kuwa haina tena maeneo ya mabomu yanayojulikana. Panya hapigwi akatii. Na watu walilima juu ya ardhi ile wakiutegemea ukweli wa pua yake.

Mazoezi ya mbwa wa kunusa huanza kwa makopo yaliyopangwa mstari. Kopo moja lina harufu, mengine hayana. Baadaye makopo hubadilishwa mahali, huongezwa vishawishi kama nyama, sabuni na kahawa, ndipo kazi huhamia kwenye magunia na malori. Jambo ambalo wanafunzi hupenda kuliruka ni mistari isiyo na kitu kabisa. Mbwa asiyewahi kukutana na mstari mtupu huamini kwamba kila msako una jibu, naye atalitafuta jibu hata kwenye gunia la mahindi la mama mjane. Inambidi azoee kwamba kupita mizigo yote bila kuketi nako ni kazi iliyofanywa vizuri. Na mara kwa mara harufu ifichwe na mtu mwingine, mwongozaji asijue iko wapi, wala kama ipo. Matokeo yote yaandikwe daftarini, mabaya pamoja na mazuri. Daftari lenye mafanikio matupu hatuliamini.

Sasa kwa vijana. Hamhitaji mbwa wa Ulaya ili kuanza. Mbwa wa nyumbani kwenu, dagaa wakavu kidogo na dakika tano asubuhi na jioni vinatosha kuwafundisha macho na mikono yenu. Mfundisheni kuja anapoitwa, kukaa, kusubiri, na kukubali kuguswa miguu na masikio. Msimfunge mchana kutwa na kumpiga ili awe mkali. Mbwa wa namna hiyo hachagui mwizi, huuma mtoto wa jirani. Kabla ya yote, achanjwe. Karibu maambukizi yote ya kichaa cha mbwa kwa binadamu hutokana na mbwa, na ugonjwa huo dalili zake zikishatokea haumwachi mtu. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo.

Kazi ina milango zaidi ya polisi: makampuni ya ulinzi, hifadhi za wanyama, viwanja vya ndege. Programu ya African Wildlife Foundation iliyoanza mwaka 2014 imewafunza karibu na Arusha mbwa wa kunusa pembe za ndovu pamoja na askari wa kuwaongoza, na baadhi yao wamefanya kazi Entebbe. Huko Marekani, baraza moja la kuwapima walimu wa mbwa humdai mwombaji saa 300 za kazi kabla ya kumruhusu kufanya mtihani. Kipimo hicho kinafaa kukumbukwa na kijana anayetaka cheti baada ya juma moja. Kujua kusoma na kuandika ni lazima, kwa ajili ya daftari. Kufua matandiko ya banda na kuosha vyombo nako ni lazima, na hapo ndipo wengi hutuaga.

Kwenu nyote tuna maombi machache. Wizi ukitokea, zuieni watu kukanyaga mahali hapo hadi mbwa afike, na msimwite wala kumrushia chakula akiwa kazini. Ndugu zetu Waislamu na wengine wasiopenda kuguswa na mate ya mbwa waseme mapema. Mzigo utawekwa chini, mwenyewe atasimama kando.

Tumeleta magunia sita na kitambaa chenye harufu ya mazoezi. Mwongozaji wetu atatoka nje ya uzio, mgongo wake ukielekea huku. Mzee mwenyekiti atakificha kitambaa, au atakiweka mfukoni mwake kama apendavyo, asituambie. Wanaoogopa mbwa wakae upande wa lango.